Robo Mzunguko

Wewe uliyetoboa tundu hili kiwandani,
jina lako silijui. Najua tu ulikuwa na pumzi tele.
Ulipima petroli kwa hewa ya kwenu,
hewa nzito ya usawa wa bahari,
ukakaza, ukaziba, ukaandika: isiguswe.

Basi injini yako imefika Wilapampa,
juu ya lori, juu ya magunia ya saruji,
mita elfu tatu na mia nane.
Huku maji huchemka upesi na viazi haviivi.
Huku mgeni akipanda ngazi hukaa chini katikati,
akajifanya anafunga kamba za viatu.

Nemesio Choque aliinunua kwa mkopo wa ushirika
imvutie maji ya mtoni hadi kwenye vitunguu.
Ikavuta mafuta.
Lita tano kabla ya adhuhuri, na mfereji
haujagusa tuta la tatu.
Moshi mweusi, plagi nyeusi kama tako la sufuria;
imeshiba hadi imekosa pumzi.
Akaja nayo mgongoni, akaitua mezani kwangu:
"Casilda, irudishe kwao."
Kwao ni wapi, nikamuuliza. Hakujua. Nami sijui.

Nikafungua bakuli la kabureta.
Springi ikaruka, ikatokomea chini ya meza,
na mtaka cha mvunguni, mwajua wenyewe:
niliinama na sketi zangu nne na goti bovu,
nikarudi na springi, na kifungo, na sarafu isiyotumika tena.

Tundu lako nililipanua kwa keekee ya mkono,
polepole, shaba ikitoa unyoya wa manjano.
Halafu sindano. Hiyo ilitoka kwenye karabai ya baba,
taa aliyoshukia nayo mgodini, na kupanda nayo,
mpaka siku ilipopandishwa taa peke yake.
Nikaichonga ncha kwa tupa.
Nikatoboa bolti ya chini ya bakuli, nikakata hesi,
bolti ikapasuka.
Nikalala.
Asubuhi nikatafuta bolti nyingine.

Ya pili ilivuja kidogo, nikaivisha pete ya nailoni. Ikanyamaza.

Sasa sikiliza, wewe wa bahari.
Sindano ndani mpaka igote, bila nguvu,
kisha irudi mzunguko mmoja na nusu. Nikavuta kamba.
Moshi bado. Nikabana.
Nikabana tena, na tamaa ikanizidi:
injini ikakimbia, ikazubaa, ikakimbia, ikazubaa,
kama mtoto anayesoma barua kwa sauti
asijue pa kuvuta pumzi.
Njaa hiyo. Nikalegeza robo mzunguko.
Robo tu, unene wa ukucha,
na ile kelele ikakaa kitako.
Plagi nilipoitoa ilikuwa na rangi ya ganda la mkate.

Nemesio akavua kofia, akaivaa.
"Na nikiipeleka bondeni, kwa mkwe wangu,
kule kwenye machungwa na jasho?"
Nikakwaruza kwa msumari alama mbili:
hii ya kwetu, ile ya bondeni, fungua zaidi.
Nikampa na bisibisi.
Aliipokea kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo
wa nyumba aliyokwisha kuilipia kodi miaka mingi.

Sikulaumu. Kila mtu hupima kwa kifua chake.
Ila ungeacha skrubu. Kijiskrubu kimoja,
kwa ajili ya watu usiowajua.

Nchi hii ilikuwa na pwani, zamani, kabla ya vita;
shuleni bado tunaichora kwa kalamu ya buluu.
Mimi bahari sijaiona.
Lakini ndani ya bakuli lile kuna boya dogo
linaloinuka na kushuka juu ya vijiko viwili vya petroli,
nami nililitazama kitambo kabla ya kufunika.

Nusu ya malipo alileta Jumamosi.
Nusu nyingine, vitunguu.