Sifuri Nukta Tano Sita Nne

Mshale haujui mwaka.
Niliuambia: nenda sabini na tisa,
ukaniandikia kosa kwa wino mwekundu.
Mshale unajua karatasi tu:
sifuri ni kona ya chini, kushoto,
moja ni mwisho wa dunia,
na chochote kilichomo ni kipande cha hiyo moja.

Basi nakaa kuutafsiria.
Hapa Pello, ofisi ya mto, saa tisa alasiri, giza tayari.
Raimo keshaondoka, kahawa yake imeganda kikombeni,
ameacha agizo kwenye karatasi ya njano:
Taimi, tia alama mwaka ule wa barafu.
Mshale mmoja. Maneno matatu.

Mwaka ule.
Kama mtu aombaye kijiko kile.

Mhimili unaanzia hamsini.
Sabini na tisa, toa hamsini: ishirini na tisa.
Gawanya kwa urefu wa mhimili, miaka hamsini:
nukta tano nane.
Usikimbie. Fremu haianzi ukingoni mwa karatasi,
ina pambizo, sehemu moja ya kumi,
na upana wake ni nane ya kumi.
Zidisha, kisha jumlisha.
Sifuri nukta tano sita nne.

Hapo ndipo alipo kaka yangu Oiva.

Kwenda juu, hesabu ni ileile.
Siku ya arobaini na nne tangu Aprili iingie
mto ulipasuka, usiku ule usio na giza wa mwezi Mei,
mlio kama ghala la mbao linaloporomoka,
naye anasukuma sleji kutoka upande wa Uswidi
na paketi sita za kahawa ya magendo
na viatu vyangu, vyekundu, namba thelathini na tatu.
Sifuri nukta sita mbili.

Nikabonyeza. Mshale ukamgusa kichwani.

Asubuhi Raimo akaja na theluji mabegani:
Tuongeze miaka, mhimili ufike thelathini ya karne hii.
Nikaongeza. Mstari wote ukajikunyata kushoto
kama watu wanaompisha mgeni kwenye benchi,
ila mshale haukusogea.
Ulibaki palepale, umekaza kidole
kwenye tisini na sita,
mwaka ambao hakufa mtu,
mwaka Marjukka wangu alipong'oka jino la kwanza.

Yaliyopita si ndwele, sawa.
Lakini yanasogea.
Ishirini na tisa juu ya themanini, zidisha, jumlisha:
Oiva sasa yuko sifuri nukta tatu tisa.
Kila tunapoongeza miaka anarudi nyuma,
anakaribia ukingo, polepole,
na hakuna anayemsukuma.

Nimeandika mistari minne ya msimbo
ili mshale usome mhimili kabla haujanyoosha kidole.
Raimo akikunja karatasi, akinyoosha karatasi,
hesabu itarudiwa yenyewe, nami nisiwepo.

Yakabaki maneno matatu.
*Barafu ilichelewa kuvunjika.*
Nimeyachapa, kwa herufi ndogo, kama ofisi inavyotaka.
Ndivyo grafu inavyosema, na grafu haidanganyi:
katika miaka yote hiyo hakuna nukta iliyo juu zaidi.

Ila nilikuwa ukingoni, nina miaka tisa,
nimevaa soksi tu, nikingoja viatu.
Haikuchelewa.
Iliwahi, kwa hatua arobaini.
Nilizihesabu.