Kuonja kwa Sikio

Wanzuki haina haraka.
Asali ya Sikonge, maji ya uvuguvugu, chachu ya juzi,
na pipa la bluu nalivisha blanketi
kama mtoto mwenye homa.
Siku ya tatu nilikuwa nachovya kata,
naonja, natema kidogo, nameza kingi,
namwambia mjukuu wangu Kalunde: bado. Au: chuja.
Miaka ishirini na sita hapa Isevya
ulimi wangu ndio uliolipa ada.

Halafu Alhamisi moja, Kitete,
nesi akanichoma kidole
(kidole kilekile cha kuonjea)
akasoma kumi na saba, akanyamaza,
akavuta karatasi nyingine:
Na mafuta ya damu yamepanda, mama.
Mafuta? Mimi?
Kwangu chupa ya alizeti hukaa miezi miwili.
Akatabasamu kwa huruma.
Ini lako halitazami chupa, akasema.
Hiyo pombe unayoonja ndiyo linayoigeuza mafuta.

Nikarudi na vidonge kwenye pindo la kanga,
na kiapo.
Kiapo cha mpika pombe nacho
huchachuka siku ya tatu.

Ilikuwa Ijumaa, oda ya harusi, mapipa manne.
Nilimeza kidonge, ugali nikausahau,
nikaonja. La kwanza, la pili.
La tatu, nisiseme uongo, nililionja mara mbili.
Watu husema pombe hupandisha sukari. Hupandisha, ndiyo,
lakini ikikukuta na dawa na tumbo tupu
huiteremsha kama ndoo iliyokatika kamba.

Saa nane za usiku: jasho,
mikono inacheza ngoma isiyopigwa,
namwita mume wangu
aliyekufa mwaka ule reli iliposombwa na maji.
Kalunde akadhani nimelewa.
Nani asingedhani? Nyumba nzima inanuka wanzuki.
Kisha akakumbuka maneno ya nesi,
akachota asali, akanipaka ufizini
kwa kidole chake chembamba, taratibu,
akiniita jina langu, siyo Bibi:
Nyamizi. Nyamizi we.

Asali niliyokatazwa ndiyo iliyonirudisha.
Sijui niiweke wapi, kwa marafiki au kwa maadui.
Nimeiweka kwenye rafu, karibu na kitanda.

Sasa naonja kwa sikio.
Nainamisha kichwa juu ya pipa:
siku ya kwanza inanong'ona,
ya pili inachemka kama mvua kwenye bati la jirani,
ya tatu inasema na kunyamaza, inasema na kunyamaza,
kama mtu anayetafuta neno.
Hapo nasema: chuja.
Wateja hawajajua. Au wamejua, wananistahi.

Kapalata anajua. Kondakta mstaafu wa treni.
Alhamisi tunakaa benchi moja, kadi magotini,
yake ameifunika kwa kofia
lakini nimeiona: kumi na moja nukta nne.
Jumamosi huyo mlangoni, anagonga meza: Lita!
Namtangulizia sahani ya maharage na ugali,
kisha namwekea nusu.
"Umekuwa daktari?"
"Nimekuwa mwenzio."
Ananuna. Anakula. Anakunywa nusu yake kwa vituo,
kama treni ya zamani isiyoruka stesheni.
Halafu ananyoosha kikombe tena.

Hapa ndipo ninapokwama.
Nusu hii ya pili ni daftari la Kalunde, na sare, na nauli.
Nusu hii ya pili ni kidole cha mguu wake wa kushoto,
kile kilichoanza weusi mwezi uliopita,
anachokificha kwenye soksi ya kazini.

Nashika kata. Pipa linanong'ona.
Nainamisha sikio, kana kwamba jibu limo humo.
"Bado," namwambia. "Hii bado haijaiva."

Analitazama pipa. Ananitazama mimi.
Anajua ni ya siku ya nne.