Geji ya Drami Elfu Sita

Smbat aliizunguka Niva mara mbili, mikono mfukoni,
akalipiga teke gurudumu la mbele
kana kwamba ugonjwa hukaa kwenye mpira.
"Injini imekwisha, Haykanush. Nakupa bei ya chuma chakavu,
na hiyo ni kwa heshima ya mumeo."
Nilimpa kahawa. Akanywa, akaenda.
Neno "imekwisha" likabaki mezani pamoja na kikombe.

Jumamosi nikashuka soko la mitumba, Gyumri,
theluji imegeuka uji mweusi njiani.
Varuzhan ametandika blanketi, anatafuna mbegu za alizeti.
Geji alikuwa nazo tatu.
Moja ya Kijerumani, imelala kwenye sanduku la mahameli:
bei ya kondoo mwenye mimba.
Moja ya ncha ya mpira, ya kushindilia kwa mkono;
nafuu, ila yataka mtu wa pili awashe stata,
na mtu wangu wa pili yuko Krasnodar tangu mwaka juzi.
Ya tatu hujifunga kwa nati, na sindano yake
hungoja huko juu mpaka urudi kuisoma.
Drami elfu sita.

"Inasema kweli?"
"Inadanganya kidogo," akatema ganda,
"lakini inawadanganya wote sawasawa."
Nikalipa bila kuomba apunguze.
Nimewajua watu wangapi wasioweza hata hilo?

Nyumbani nikaiacha iungurume mpaka chuma kipate joto.
Nikazima. Nikatoa plagi zote nne,
nikazipanga kwenye trei ya mayai, kila moja kwa zamu yake.
Waya wa koili nikauchomoa: umeme haumjui mwenye nyumba.
Nati nikaikaza kwa vidole tu.
Nikapanda, mguu wa kulia mpaka sakafuni, ufunguo,
hesabu mpaka sita,
gari likihema kwa matundu wazi kama ng'ombe anayezaa.

Kumi na moja.
Kumi na moja kasoro kidogo.
Nne.
Kumi na moja.

Nikarudia ya tatu. Nne.
Sikulia; mikono ilikuwa na grisi.

Kijiko cha oili ndani ya tundu
(kijiko cha supu, hakirudi tena jikoni).
Ikipanda, ringi zimelika, na Smbat kashinda.
Sindano ikajikongoja, nne na kitu, ikagoma.
Basi si ringi.
Kuna mlango usiofunga.

Nikangoja ipoe usiku kucha, asubuhi nikafungua kifuniko.
Tapeti ya ekzosti, silinda ya tatu:
hata wembe haupiti.
Imekazwa kupita kiasi, valvu haifiki kitini pake,
pumzi yote inatorokea hapo.

Na aliyeikaza namjua.
Usiku ule wa mwisho, tochi mdomoni,
basi la Krasnodar linaondoka alfajiri,
naye anataka kuniachia gari zima.
"Tayari," alisema, akijifuta kwa kitambaa changu cha vyombo.
Alikuwa na haraka.

Spana ya kumi na saba, spana ya kumi na tatu,
kibati chembamba kama ganda la kitunguu
mpaka kikapita kwa kusugua kidogo tu.
Nikapima tena.
Kumi na nusu. Si kumi na moja.
Kilichoungua kimeungua.

Jioni akapiga simu. Akauliza gari.
"Linawaka."
"Unaona? Si nililitengeneza kabla sijaondoka?"
Geji ilikuwa juu ya friji,
sindano bado imeshikilia kumi na nusu.
"Ndiyo," nikasema, "ulilitengeneza."
Akaniuliza hali ya hewa, nikamwambia.
Simu ilipokatika nikabonyeza kile kitufe cha pembeni.
Hewa ikatoka taratibu,
ndefu kuliko nilivyodhani.