Kasha la Injini

Haapsalu, mwezi wa nne. Barafu imeachia gati
lakini bado haijaaga.
Ndani ya mashua, mimi na kaka yangu Endel tumepiga magoti
kama watu waliodondosha sarafu.

Kasha la zamani lilikuwa la mbao. Lilioza pembeni,
lilikunywa dizeli miaka thelathini,
na injini ikiwaka lilitetemeka lote,
tukaongea kwa mikono
tangu gatini hadi mdomo wa ghuba.

Nimepima. Nimepima tena. Nimekata kadibodi
nikaivika injini, kama fundi cherehani anayemjaribisha
bwana mnene koti: hapa panabana, hapa pumua,
hapa nikuachie nafasi ya mkono
kufikia kijiti cha oili.

Kisha kalibu, nta, na subira.
Gundi haipendi baridi. Endel ameazima kwa Õie, jirani yetu,
taa ya kulelea vifaranga,
na chini ya wekundu wake tumekaa tukingoja
kitu kianguliwe.

Vumbi la nyuzi za kioo ni upupu usio na mmea:
limeingia kwenye soksi, kwenye kola, kwenye mkate.
"Jikune kimya," anasema Endel.

Ila kuna jambo sikulijua.
Kitambaa kile, cheupe kama shuka la hospitali,
kikilowa gundi weupe unakitoka,
unaona kilicho chini yake.

Ndipo nikaukumbuka ubao wa ndani wa kasha lile,
alipoandika baba kwa penseli:
*Oili, Mei themanini na tisa. Mkanda, Agosti.
Pampu inavuja, tena!*
Na chini kabisa, kwa herufi za kubanana:
*Leelo katapika. Kakataa kurudi nyumbani.*

Nimeukata ubao huo, mdogo kama daftari,
nikaulaza ndani ya kifuniko, tabaka mbili juu yake,
nikaukanda kwa rola
hadi kiputo cha mwisho kikatokea kando.
Mwandiko ulizama. Kisha ukapanda.

Endel hakusema neno. Alisogeza taa.

Leo tumewasha. Injini inanguruma kwa mbali,
jirani anayekoroma nyuma ya ukuta.
Bawaba moja inalia. Kifuniko hakijakaa sawa kushoto,
upana wa kidole; kesho ni msasa tena.

"Pampu inavuja," anasema kaka, kwa sauti ya kawaida,
sauti ya mezani,
nami nimemsikia.