Fundo la Kushoto

Mwezi mzima tulishona ndizi.
Daktari Thureya alipita mezani akibonyeza maganda kwa kidole:
"Hii umeinyonga. Hii imeachama. Hii kampe mbuzi."
Nje, Al-Khoudh, jua limepiga hadi lami inalainika;
ndani sisi kumi na mmoja, glavu zimejaa majasho,
na harufu ya ndizi mbivu katika kila mfuko wa koti.

Nyumbani bibi alinicheka.
Kofia ameshona tangu yuko Ng'ambo, Unguja,
na hapa Seeb bado anashona, miwani kaifunga kwa uzi,
vitobo mia tatu, kila kimoja mdomo wa sisimizi.
Akaichukua ndizi yangu, akaigeuzageuza.
"Uzi ukiuvuta sana, kitambaa kinakunja uso.
Ukiulegeza, kofia haisimami.
Wewe unashona kama mtu anayedaiwa."

Leo zamu yangu.
Paka jike, kilo mbili na nusu, wa soko la mboga Al-Mawaleh,
sikio moja limechanika kwa ugomvi wa zamani.
Nusukaputi imemchukua. Ulimi umevutwa pembeni,
mdogo, wa waridi.
Nimemnyoa tumbo. Nimesugua mara tatu.
Muadh anahesabu pumzi zake kwa sauti.
Kisu kinapita, na ngozi inafunguka kirahisi kuliko ganda la ndizi.
Hilo hakuna aliyeniambia.

Kulia nikafunga, nikakata. Kushoto nikafunga, nikakata, nikaachia,
fundo likateleza.

Damu haikuruka kama watu wanavyodhani.
Ilipanda tu, kimya,
kama maji ya falaji tambara likishachomolewa.

Nikamtazama Daktari. Mikono kaikunja kifuani, hakuikunjua.
Darasani hufundisha kwa Kiingereza, hukemea kwa Kiarabu.
Sasa akasema, chini chini, kwa lugha ya jikoni kwetu:
"Usichokore. Kandamiza shashi. Hesabu hadi sitini.
Damu ina haraka, wewe huna."

Moja. Mbili.
Muadh akasahau pumzi, akakumbushwa.
Kwenye arubaini na nane jasho lilinifika kiunoni.
Sitini. Nikainua shashi polepole,
kishina kikachungulia, nikakibana kwa koleo.
Fundo. La pili juu yake. La tatu.
Si kwa nguvu. Kama kofia.

Tukinawa nikamwuliza: ningeshindwa, je?
"Ningekusukuma kando kwenye sitini na moja."
Kisha, akikausha kidole kimoja kimoja:
"Wangu wa kwanza alikufa. Al Ain. Sungura wa mtoto mmoja.
Alikuja kumchukua na kisanduku, kakitandika majani."
Hakuongeza neno.

Paka alizinduka saa kumi na robo.
Nilikuwa sakafuni, mkono ubavuni mwake,
nikihisi joto likirudi kama mgeni asiye na hakika na nyumba.
Akafungua jicho. Akaniona.
Akaniuma kidole gumba.

Daktari akaishika mikono yangu kwenye taa,
akazitazama alama za meno, nne, zimepangana sawasawa.
"Huyu," akasema, "ndiye anayejua kushona."