Sikio Halina Kope

Barabara ya Nane, Ngamiani, saa tatu ya usiku,
pasi ya mkaa inakula vifuu vya nazi.
Hedifoni zangu zimebaki na sikio moja, la kushoto;
la kulia lilizama kwenye ndoo ya wanga.
Wapita njia huuliza: Shekue, unacheka na nani?
Nacheka na mtu anayenisomea.

Kwanza niseme hili, wala sitalirudia:
simpendi msomaji anayekimbia
kama kitabu kinadaiwa kodi.
Koma ipo. Mwandishi aliiweka pale
kama mwenye nyumba anavyoweka kigoda mlangoni,
ukae, uvue viatu.
Wewe unairuka, unaingia na matope.

Wala yule wa podikasti ya Jumatano.
Ana mgeni, kamwita kutoka mbali,
akimuuliza swali analijibu mwenyewe,
kisha anacheka, kisha anatueleza kwa nini amecheka.
Mgeni kabaki na "eeh" yake mdomoni
kama aliyekaribishwa chai, kikombe kikakosekana.

Na kinanda! Nani aliwaambia
msiba hauwezi kutembea bila kinanda?
Mtu anasimulia alivyomzika mwanawe,
nyinyi mnamwaga sukari.
Acheni. Sauti kavu inatosha.
Mimi ni dobi, najua: wanga ukizidi
shati husimama lenyewe, lakini halivaliki.

Ninayempenda ni mwanamke mmoja.
Jina lake hulitaja mara moja, upesi, kama anaomba radhi.
Anasoma habari za karani wa mizani
kwenye shamba la mkonge, kitabu kirefu, hakina haraka.
Sura ya pili hadi ya nne ana mafua.
Hawakuyafuta, nami nawashukuru.
Ya tano alipopona, na mimi nilipata nafuu.

Sura ya saba mke wa karani anapanga sahani,
anapanga sita,
anakumbuka,
anairudisha moja kabatini.
Hapo msomaji akanyamaza.
Si kimya cha mtambo. Kimya cha mtu anayemeza mate.
Nikanyamaza naye.
Pasi haikunyamaza:
kola ya Mwalimu Singano ikaota jani la kahawia.

Na Mwalimu Singano, wa watu wote!
Ndiye asemaye kusikiliza si kusoma,
ni kulishwa uji ilhali meno unayo.
Asubuhi nikamweleza ukweli, sikumsingizia mkaa.
Hakugomba. Akauliza, "Ilikuwa wapi?"
"Kwenye sahani ya sita."
Akanyoosha mkono. Nikampa sikio langu.
Alisimama mlangoni, kofia kwapani, dakika kumi na moja;
muuza samli alimgongea kengele ya baiskeli, hakusogea.
Alipomaliza alilifuta sikio kwa leso, akanirudishia.
"Bado si kusoma," akasema.
Akalipa nzima, akasahau suruali.

Huenda ana haki. Sijui jina la yule karani
linaandikwaje, kwa herufi ipi.
Nusu ya niliyoyasikia yameondoka na maji ya suuza.
Lakini jicho langu nalijua, lina kope na lina ujanja:
gazeti likifunga vitumbua, linachagua,
linaruka mistari mirefu, linakimbilia palipo na damu.
Sikio halina kope.
Likingojeshwa linangoja.
Wanasema la kufa halisikii dawa;
langu li hai bado, upande mmoja.

Ombi moja tu kwenu wenye vipaza sauti.
Hadithi ikiisha msinishukuru upesi hivyo,
"asante kwa kusikiliza,"
na papo hapo tangazo la sabuni.
Sabuni ninayo.
Sina pa kuiweka ile sahani.