Dakika Kumi

Kiti ni cha mtoto. Magoti ya Ziemowit
yanakaribia kidevu; unga wa zamu ya usiku
bado umeng'ang'ania nyusi.
Nje, theluji ya Lodz inageuka tope.

Mwalimu Halszka anafungua daftari:
hesabu, nne. Kusoma, tano. Nidhamu, haina neno.
Dakika tatu hizo, zimekwenda.

Mfukoni ana risiti ya hamira,
mgongoni mwake maswali
aliyoyaandika tanuri likipoa.
La kwanza analiruka. La pili pia.
"Kornelia wangu,
saa ya chakula hukaa na nani?"

Kalamu ya mwalimu inatua mezani.

"Tangu Oktoba, peke yake. Dirishani.
Mkate hula nusu,
nusu huufunga kwenye leso.
Husema ni wa baba, akiamka."

Mlangoni mzazi mwingine anakohoa.

Ziemowit, ahesabuye mikate mia nne
kila alfajiri asikosee hata mmoja,
anaifuta miwani isiyo na vumbi.
"Na mwingine akaaye peke yake, yupo?"

"Yupo. Ludka. Yule wa soksi mbilimbili."

Anaazima kalamu. Chini ya jumla ya hamira
anaandika: Ludka.
Halafu: skonzi, mbili.